Kutoka Rabat hadi Djugu: kocha tumpime kwa lipi?

Dakika ya 119, Rabat, tarehe 16 Novemba 2025. Katika mchujo wa Kombe la Dunia, Congo na Nigeria ziko sare 1-1. Kocha Sébastien Desabre anamtoa kipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Muda mfupi baadaye Congo imeshinda 4-3, Chancel Mbemba ndiye aliyefunga ya mwisho, na kutoka Bunia hadi Mongbwalu kocha anaitwa fundi. Lakini lau Fayulu angerukia upande mwingine, kocha huyohuyo, kwa uamuzi uleule, angeitwa mjinga aliyemtoa kipa namba moja saa ya hatari.

Siku 51 baadaye, tarehe 6 Januari 2026, tulikuwa Rabat tena, safari hii katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Afrika. Mechi na Algeria ilikwenda hadi muda wa nyongeza bila bao, kisha Adil Boulbina akafunga. Dakika? Ileile ya 119. Fundi wa Novemba akageuka mtu wa kutafutiwa mbadala.

Nasema haya kwa watu wa Djugu kwa sababu mpira ni mjadala ambao kwetu haujafungiwa njia. Barabara ya kitaifa namba 27, kutoka Bunia kwenda Mahagi, imefungwa na bunduki mara nyingi mno. Penye jenereta, skrini na franka chache za mafuta, watu waliokimbia vijiji tofauti hukaa benchi moja na kubishana juu ya kocha. Mabishano hayo yana thamani kubwa, na ndiyo maana nataka yasimame juu ya hoja.

Tuanze na mchujo wenyewe, maana wengi waliuona kama adhabu. Katika kundi la kufuzu Kombe la Dunia 2026, Congo ilicheza mechi kumi, ikashinda saba, sare moja, ikafungwa mbili: pointi 22. Senegal ilipata 24, na kiongozi wa kundi peke yake ndiye aliyefuzu moja kwa moja. Kati ya timu tisa zilizoshika nafasi ya pili, nne bora tu ziliingia mchujo. Na kwa kuwa Eritrea ilikuwa imejitoa na kundi lake likabaki na timu tano, hesabu ya kuwalinganisha hao tisa iliacha nje matokeo dhidi ya timu ya mwisho katika makundi mengine. Kwetu ilikuwa Sudan Kusini, tuliyoifunga mara mbili. Pointi 22 zikahesabiwa kuwa 16, na zikatosha. Burkina Faso yenye pointi 21 ilibaki na 15 sawa na Nigeria, ikatupwa nje kwa tofauti ya mabao.

Kwa hiyo kilichotupeleka Rabat ni mechi kumi zilizochezwa kwa karibu miaka miwili. Huko ndiko kazi ya kocha inakoonekana: nani aliitwa, nani alirudishwa baada ya jeraha, timu ilicheza vipi ugenini. Hata kosa kubwa liko huko. Tarehe 9 Septemba 2025, mjini Kinshasa, tuliongoza Senegal 2-0, tukafungwa 3-2. Hapo Desabre anastahili kuulizwa maswali magumu, kwa maana timu inayoongoza kwa mabao mawili nyumbani ina muda wa kujipanga, na ushindi ule ungetuweka mbele ya Senegal. Mchujo wenyewe ulikuwa mechi mbili ndani ya siku nne. Cameroon tuliifunga 1-0 kwa bao la Mbemba la dakika za majeruhi. Mtu hawezi kumpima kocha kwa bao la dakika za majeruhi na penalti, iwe kwa sifa au kwa lawama.

Sasa ajira. Florent Ibenge aliinoa timu kuanzia 2014 hadi 2019 na akatupa nafasi ya tatu Afrika mwaka 2015. Baada yake alikuja Christian Nsengi-Biembe, na Kombe la Afrika la 2021 tukalikosa. Mei 2021 akaletwa Héctor Cúper, Muargentina mwenye jina kubwa Ulaya. Alitufikisha mchujo wa Kombe la Dunia, Morocco ikatutoa kwa sare ya 1-1 Kinshasa na kipigo cha 4-1 Casablanca, Machi 2022. Juni ikafuata, na mechi za kufuzu Kombe la Afrika: tukafungwa na Gabon, tukafungwa na Sudan, na Cúper akaondoka.

Agosti 2022 akaajiriwa Desabre, na jina lake halikuwa kubwa. Wapenzi wa mpira wa Bunia, walio jirani na Uganda, walikuwa na sababu ya kumkumbuka: ndiye aliyeinoa Uganda ilipotufunga 2-0 mjini Cairo, Juni 2019. Alirithi kundi lenye vipigo viwili, akacheza mechi nne zilizobaki bila kufungwa, tukafuzu. Februari 2024 tulimaliza wa nne Afrika. Maoni yangu ni haya: tofauti kati yake na waliomtangulia haiko kwenye akili tu. Yeye aliachiwa muda. Serikali ndiyo yenye fedha za timu ya taifa, na mkono unaolipa hushawishika kushika na orodha ya wachezaji. Mwaka 1974, Zaire ikicheza na Yugoslavia, kipa Kazadi Mwamba alitolewa mapema tukiwa nyuma 3-0, akaingia Tubilandu Ndimbi, mechi ikaisha 9-0. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba agizo lilitoka kwa mtu wa wizara. Mabadiliko ya Rabat yalikuwa ya benchi la ufundi.

Baada ya Rabat yalikuja malalamiko. Kocha wa Nigeria, Éric Chelle, alizungumzia uchawi, hilo tuliache. Zito zaidi ni la Desemba 2025, Nigeria ilipoandikia FIFA kuhusu wachezaji wetu wenye uraia wa nchi mbili, ikitumia Katiba yetu, ambayo kifungu chake cha 10 kinasema uraia wa Congo ni mmoja na haushirikishwi na mwingine. FIFA ndiyo huidhinisha mchezaji kuhama kutoka taifa moja kwenda jingine, na sheria ya ndani ya nchi ni suala la nchi. Lakini hata sisi tulibishana: huyu ni Mkongo kweli? Katika Ituri, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limeua watu. Kabla ya kumtupia mchezaji swali hilo, tukumbuke kwamba Axel Tuanzebe, aliyecheza timu za vijana za Uingereza kabla ya kuvaa jezi ya Léopards mwaka 2024, alizaliwa Bunia.

Tukumbuke pia Abidjan, tarehe 7 Februari 2024. Kabla ya nusu fainali na Ivory Coast, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja, na wa pili wakauelekeza kichwani kama bastola, kwa ajili ya watu wa mashariki. Wengi wao walikulia Ulaya. Walisema kwa niaba yetu mbele ya Afrika nzima.

Tuanzebe aliondoka akiwa mdogo, akakulia Rochdale, akaingia akademi ya Manchester United. Mtoto mwenye kipaji hichohicho anayecheza leo kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani Djugu hana wa kumwona. Basi tutakapobishana tena juu ya Desabre au atakayemfuata, nawaomba tuwaulize viongozi wa mpira wa mkoa na wa shirikisho mambo mawili ambayo hakuna penalti inayoweza kuyajibu: mkataba wa kocha unampa miaka mingapi, na nani amepewa kazi ya kutafuta wachezaji kati ya Iga-Barrière na Fataki?