Stima Ndani ya Bomba la Maji: Mzima Ndiyo, Baricho Hapana

Kila inapotokea habari ya stima kutolewa ndani ya mabomba ya maji ya kunywa, wengi huuliza: mbona sisi Pwani hatufanyi hivyo, na mabomba yamepita kila mtaa? Jibu hutegemea bomba lenyewe limetoka wapi.

Tuanze na waliofanya. Mji wa Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, hupata maji yake mengi kutoka bonde la Bull Run, lililo juu kuliko mji, hivyo maji huteremka yenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya Lucid Energy ilianza kuuza stima kutoka kwa turbini 4 zilizofungwa ndani ya bomba la upana wa inchi 42. Turbini hiyo ni kama tufe la mapanga yaliyopinda. Maji yakipita huizungusha, nayo huzungusha jenereta iliyo nje, juu ya bomba. Zote nne zina uwezo wa kilowati 200, na ilikadiriwa zingetosha nyumba 150 hivi. Nyumba za Marekani hizo, ambazo hula stima kuliko zetu kwa mbali. Gharama walibeba wawekezaji wa kibinafsi, na stima ikauzwa kwa kampuni ya umeme ya huko kwa mkataba wa miaka 20.

Maji hayapungui wala hayachafuki. Kinachopungua ni presha, na hapo ndipo wengi hukosea. Maji yanayoteremka kutoka mlimani hukusanya presha nyingi mpaka inaweza kupasua bomba, kwa hivyo mafundi huweka valvu au matangi ya kuivunja njiani. Nguvu inayovunjwa hapo hupotea bure. Turbini ikiwekwa mahali hapo huokota kile ambacho kingetupwa.

Hesabu yake si ngumu. Lita 1 ya maji kwa sekunde, ikishuka mita 1, ina nguvu ya wati 10 hivi. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 50 ni kilowati 50, na mitambo ikishakula sehemu yake, utabaki na kama 35.

Sasa tuje kwetu. Maji ya Baricho, kando ya Mto Sabaki, huvutwa kutoka visimani na kusukumwa kwa pampu hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Ya Tiwi pia ni ya visima na pampu. Ukitia turbini katika bomba la namna hiyo, pampu italazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na stima utakayoivuna itakuwa ndogo kuliko uliyoongeza kuilipia. Ni kama kufunga feni mbele ya pikipiki ili ichaji betri: anayelipa ni tangi la mafuta. Na bili ya Baricho tunaijua sote. Si mara moja stima imekatwa huko kwa sababu ya deni, na mifereji ikakauka sehemu za Mombasa.

Mzima ni habari nyingine. Chemchemi ziko Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 maji yake husafiri kilomita 220 hivi hadi Mombasa kwa mteremko. Bomba la aina hii ndilo ndugu wa lile la Portland. Lakini ni la zamani, na maji yanayovuja au kuibwa njiani ni presha inayopotea kabla ya kufika popote. Kuziba mianya kunatangulia turbini.

Mabomba ya mitaani, kwa maoni yangu, tuyasahau. Mfereji unaotoa hewa siku tatu na maji siku moja hauna cha kuzungusha.

Hata Mzima ikifungwa turbini, kilowati 35 hazisukumi maji ya Baricho. Zinaweza kuendesha vituo vya bomba lenyewe: taa, mita, mitambo ya kutia klorini, vitu ambavyo porini huko ni ghali kuvipelekea nyaya. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa miaka nenda miaka rudi, na ni rahisi kuiacha nafasi ya turbini katika michoro kuliko kuja kukata chuma baadaye. Siku michoro hiyo ikiletwa mbele ya wananchi, tuulize presha itavunjwa wapi, na ni lita ngapi zitapita hapo kila sekunde, mchana na usiku.