Ngeli 15 bila ngazi ya masharti

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliandika «Ukuta umeanguka», na kompyuta ikamwambia amekosa. Jibu sahihi, kwa mujibu wa programu, lilikuwa «Ukuta imeanguka». Programu hiyo tuliitunga sisi wenyewe, wanafunzi watatu, ili wenzetu wajizoeze upatanishi wa kisarufi kabla ya mtihani. Mwenzetu hakubishana. Alifuta jibu lake akaandika la mashine. Hilo ndilo lililotuuma, maana hapa Ibanda wengi wetu tunakiogopa Kiswahili sanifu hata pale tunapokisema vizuri.

Kila nomino katika programu yetu ilikuwa imepewa ngeli, na ngeli ni orodha funge: zinajulikana zote, wala mtu haongezi nyingine kwa kupenda kwake. Orodha ya namna hii watunga programu huiita enumu. Kazi ilikuwa kuichukua ngeli, kutafuta kiambishi chake, na kukiweka katika kigeu, yaani kisanduku chenye jina ambacho programu itakifungua baadaye. Tukafanya kama wafanyavyo wanaoanza. Tuliandika «swichi», ngazi ndefu ya masharti: ikiwa ngeli ni ya 1, kiambishi ni a-, ikiwa ni ya 2, ni wa-, ikiwa ni ya 3, ni u-, na kuendelea. Chini kabisa tuliweka «vinginevyo, i-», tukidhani tumejikinga. Ngeli ya 11 tuliisahau. Ukuta ukateleza ngazi yote hadi chini, ukaokota i- ya nyumba na nguo.

Ukifuata namba zilizoanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof, Kiswahili sanifu kina ngeli 15: ya 1 hadi ya 11, kisha ya 15 hadi ya 18 (ya 14 imemezwa na ya 11). Sisi tulihitaji vigeu vitatu kwa kila ngeli: kiambishi cha kiima, kionyeshi cha karibu, na a-unganifu. Hayo ni masharti 45, na katika 45 kusahau moja si ajabu.

Dawa yake mwanaisimu anaijua tangu zamani, ila haiiti kwa jina la kompyuta. Ni jedwali. Katika lugha ya Python linaandikwa hivi:

kiima = {1: "a", 2: "wa", 3: "u", 4: "i", 5: "li", 6: "ya", 7: "ki", 8: "vi", 9: "i", 10: "zi", 11: "u", 15: "ku", 16: "pa", 17: "ku", 18: "mu"}

Kisha ngazi nzima inabaki mstari mmoja:

kiambishi = kiima[ngeli]

Ngeli inaingia, kiambishi kinatoka. Mhadhiri asiyejua programu hata kidogo anaweza kuusoma mstari wa kwanza na kutuonyesha kosa kwa kidole. Na tukisahau ngeli ya 11, programu haibahatishi: inasimama na kutaja namba iliyokosekana. Bora isimame mbele yetu watungaji kuliko impotoshe mwanafunzi kimyakimya. Kwa hiyo tuliongeza pia jaribio dogo linalopita kwenye ngeli zote, moja moja, kuhakikisha kila moja ina nafasi yake jedwalini. (Python ina njia ya kuweka jibu la akiba kwa kisichopatikana. Kwa kazi hii tuliikataa; ni «vinginevyo» ileile imebadili nguo.)

Tulipotaka kutunga jedwali la pili, la vionyeshi, mmoja wetu alisita. Tazama: hiki, hivi, hili, hizi, haya, hapa, huku, humu. Kila kimoja ni h, kisha irabu ya kiambishi, kisha kiambishi chenyewe. Ki- inatoa h-i-ki, pa- inatoa h-a-pa, u- inatoa h-u-u. Jedwali la pili halikuhitajika. Kanuni moja ilitosha kwa ngeli 14. Ya 1 peke yake ilikataa, kwa kuwa a- ingetoa «haa», na hakuna asemaye hivyo. Lakini weka yu- badala ya a-, upate h-u-yu. Kiambishi hicho cha zamani bado tunacho katika yuko, yupo na yumo. Katika ile ngazi ya masharti, huyu ilikuwa imeandikwa kwa mkono kama vionyeshi vingine vyote, na hakuna aliyeona kuwa ina historia yake.

Halafu kuna Kiswahili chetu. Ukipita soko la Nyawera husikii «watoto wanacheza» bali «batoto banacheza», wala si «vitu» bali «bitu», jambo lisilomshangaza anayejua abantu na ebintu vya Mashi. Tulitengeneza nakala ya jedwali, tukabadili nafasi mbili tu: ya 2 ikawa ba-, ya 8 ikawa bi-. Kanuni ya vionyeshi, bila kuguswa, ikatoa haba na hibi. Kisha tukaongeza ngeli ya 12, ambayo Kiswahili sanifu hakinayo, nayo ikatoa «haka katoto» kana kwamba imekulia Bukavu. Sasa programu inapokutana na «batoto banacheza» haisemi tena «kosa». Inasema umbo hilo limo katika jedwali la Bukavu, na kwamba mtihani unataka la sanifu.

Kiboko bado anatusumbua. Kwa umbo ni wa ngeli ya 7, lakini «kiboko amelala», si «kimelala», na vivyo hivyo kipofu na kijana. Hapo jedwali la viambishi halina kosa. Tatizo liko nyuma yake, pale nomino inapopewa ngeli moja wakati inahitaji mbili, ya umbo na ya upatanishi. Tumeanza kuzipitia nomino zetu upya, na tuko kwenye herufi K.