Mathew Brady: Mpiga picha aliyefilisishwa na vita

UKIWAHI kushika noti ya dola tano ya Marekani, basi umeona kazi ya studio ya Mathew Brady. Sura ya Rais Abraham Lincoln iliyo kwenye noti hiyo ilitokana na picha iliyopigwa humo mwaka wa 1864.

Brady alizaliwa mapema katika miaka ya 1820. Mnamo 1844 alifungua studio jijini New York, na haikuchukua muda kabla ya wanasiasa na matajiri kuanza kumiminika huko. Lincoln mwenyewe alifika Februari 1860, kabla hajachaguliwa kuwa rais.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, Brady aliacha starehe za jiji. Aliajiri wapiga picha, akawanunulia kamera na magari ya farasi yaliyogeuzwa vyumba vya giza, nao wakayafuata majeshi.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa kwenye kamera likiwa bado bichi, na picha ikasafishwa kabla halijakauka. Aidha, aliyepigwa picha alihitajika kutulia tuli. Ndiyo maana picha za mapigano yenyewe ni adimu. Waliotulia vyema zaidi ni maiti.

Na maiti hao ndio waliowashtua wakazi wa New York Oktoba 1862, Brady alipoonyesha picha za waliouawa Antietam, Maryland, mwezi mmoja awali. Wengi hawakuwa wamewahi kuona sura halisi ya vita.

Hata hivyo, picha hizo hazikupigwa na Brady, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Zilipigwa na Alexander Gardner na msaidizi wake, James Gibson, lakini sifa zilimwendea mwenye studio. Gardner baadaye alijitenga na kufungua studio yake.

Brady alitumia takriban dola 100,000 akitumai serikali ingenunua picha hizo. Vita vilipokwisha mwaka wa 1865, watu walitaka kusahau. Madeni yakamzonga. Bunge lilimlipa dola 25,000 mwaka wa 1875, lakini maji yalikuwa yamezidi unga.

Alifariki hospitalini New York Januari 1896, akiwa maskini. Leo maelfu ya picha zake zimehifadhiwa Washington kama hazina ya taifa. Mgema alisifiwa, lakini tembo lilinywewa na wengine.