Usajili wa Wahandisi: Bodi Hupima Nini Kabla ya Kuamua?

Kijana mwenye shahada ya uhandisi anayepangiwa kazi Kibondo au Kasulu huweza kukabidhiwa usimamizi wa kalavati katika wiki zake za mwanzo. Hata hivyo, kusimama kando ya zege linapomwagwa hakumpi haki ya kuidhinisha kazi hiyo kama mhandisi mtaalamu. Haki hiyo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa mujibu wa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997.

Mhitimu hatakiwi kukaa nje ya utaratibu akisubiri uzoefu. Husajiliwa kwanza kama Mhandisi Mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu kwa muda usiopungua miaka mitatu. Wengi hupitia mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi, ujulikanao kwa kifupi kama SEAP, ulioanza mwaka 2003.

Wapo wanaodhani kuwa miaka mitatu ikitimia, usajili hufuata wenyewe. Sivyo. Bodi hutaka kujua mwombaji alifanya nini katika miaka hiyo, na aliwajibika kwa lipi. Ndiyo maana taarifa ya kazi anayoiwasilisha huwa na uzito mkubwa. Mwombaji anayeandika kurasa nyingi kuhusu historia ya mradi, gharama zake na mgeni rasmi aliyeuzindua, bado hajajieleza. Ni nani aliyekokotoa wingi wa maji ya mvua yatakayopita chini ya barabara? Ni nani aliyeamua kipenyo cha bomba, au aliyekataa mchanga wenye udongo? Vipimo vya zege viliposhuka chini ya kiwango, yeye alichukua hatua gani? Katika nyanda hizi za juu za Kigoma, kalavati dogo kuliko mkondo wake huweza kusombwa kwa mvua ya usiku mmoja na kumzuia mama mjamzito kufika hospitali. Maswali hayo, kwa hiyo, si ya darasani tu.

Baada ya nyaraka kuchambuliwa, mwombaji huitwa kwenye usaili mbele ya wahandisi wazoefu wa fani yake. Hapo hutetea yale aliyoyaandika. Aliyenakili kazi ya mwenzake hubainika mapema. Bodi huweza kumsajili, kumtaka aongeze uzoefu katika eneo lenye upungufu, au kumkatalia. Asiyeridhika amewekewa na sheria njia ya kukata rufaa.

Ugumu mkubwa kwa wahitimu walio mbali na miji mikubwa ni msimamizi. Mhitimu wa umeme au mitambo huenda asipate karibu naye mhandisi mtaalamu wa fani hiyohiyo, na msimamizi aliyepo huweza kuhamishwa wakati wowote. Inafaa basi daftari la kazi lijazwe kila siku na kusainiwa kazi ingali inaendelea. Msimamizi anapopata barua ya uhamisho, kurasa zote zihakikiwe kabla hajaondoka, kwani kumfuata baadaye mkoa mwingine kwa ajili ya saini huchelewesha maombi.

Wananchi na kamati za ujenzi nao wanaweza kuuliza namba ya usajili ya anayejitambulisha kuwa mhandisi, na kuilinganisha na rejesta inayotunzwa na Bodi.