Mapumziko ya Pwani, na Maji Yetu ya Marangu

Wengi wenu mnao wana au ndugu wakaao Dar es Salaam kwa kazi. Mji ule si mdogo: katika hesabu ya mwaka 2022 walionekana watu zaidi ya milioni 5. Mtu huamka alfajiri, husongamana na wenzake garini, na jua huchwa kabla hajafika nyumbani. Huingojea Desemba, apande mlimani akapumzike kihambani. Lakini mwili wa mwanadamu hauingojei Desemba. Basi yafaa tuseme habari ya mapumziko yaliyo karibu naye, yaani pwani.

Wako waendao Bagamoyo, kadiri ya kilometa 70 kaskazini ya mji. Sisi twapendelea Pangani, mji mkongwe ulio kusini ya Tanga kadiri ya kilometa 50. Zamani ulikuwa bandari ya misafara ya pembe na ya watumwa. Hapo ndipo Bushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Siku hizi ni mji mtulivu, wenye nyumba za kale, minazi mingi na ufuo mrefu wa mchanga.

Tena Pangani si ugenini kabisa kwetu. Maji ya mifereji yetu, yale yasiyonywewa na migomba, hushuka mpaka mto Ruvu, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, hukutana na maji ya Kikuletwa, kisha huitwa Mto Pangani, nao huingia baharini penye mji huo. Mtoto wa Marangu asimamaye pale huyaona maji ya kwao yakimaliza safari. Naye ajue neno hili: mto ukipungukiwa na maji huku juu, maji ya chumvi hupanda mtoni na kuharibu mashamba ya watu wa chini.

Lakini sisi watu wa mlima twayajua makorongo, hatuijui bahari. Basi shikeni haya. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kadiri ya saa 6 kila mara. Mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, huja bamvua, ndipo maji hupwa mbali sana na kurudi kwa nguvu. Mgeni huenda mbali akiokota makombe, asione maji yakijaa nyuma yake. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa. Kwanza waulizeni wavuvi saa za maji; mtoto asiingie majini peke yake; wala mlangoni mwa mto msiogelee, kwa sababu ya mkondo.

Je, kupumzika hivi ni kupoteza fedha? Kwa ulevi na majivuno, ndiyo. Lakini chumba kidogo, samaki na wali wa nazi, siku 2 au 3, si anasa. Baba awaonaye wanawe usiku tu wakiwa wamelala, huko hupata kuwasikia wakisema. Basi, wazazi mlioko Marangu, mwana akileta fedha pungufu mwezi huo, mpokeeni vivyo hivyo. Aliye mzima ataleta tena.