Tukiezeka Mabati, Fundi Asianguke

Ndugu wanavikundi, wengi wetu huku Bahati, Njoro na Subukia huchanga pesa ili kila mwanachama aezekewe nyumba kwa zamu. Bei ya misumari tunaiuliza. Je, nani huuliza fundi atashikiliwa na nini akiteleza?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali salama pa kazi, na njia salama ya kupafikia. Basi, kabla ya kupanda:

1. Ngazi ikiegemea mita 4 juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Ifungwe, na ipite ukingo wa paa kwa mita 1.

2. Kando ya paa jengeni jukwaa la miti imara, lenye kizuizi.

3. Fundi avae mkanda wa mabegani na mapajani. Kamba yake ifungwe kwenye boriti imara, iwe fupi asifike chini. Kamba ya kiunoni pekee humuumiza anayeanguka.

4. Mvua au upepo ukianza, ateremke. Bati lililolowa huteleza, na upepo hulibeba pamoja na aliyelishika.

Mikanda hiyo kikundi chaweza kununua na kuizungusha nyumba hadi nyumba. Katika mkutano ujao, iandikeni kwenye bajeti pamoja na misumari.