Mikopo ya asilimia 10: Mkopeshaji naye aulizwe

Ikitajwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, lawama humwangukia mkopaji kwanza. Kina mama wamegawana hela, vijana wamenunua bodaboda wakatokomea, vikundi havirejeshi. Yapo ya kweli humo, ila anayeshika mfuko huwa hasemwi. Tangu mwaka 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka halmashauri za Tanzania kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani na kuikopesha bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Chukua mfano wa Rungwe: ni wilaya ya chai, ndizi, maziwa na parachichi, na ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato hayo. Kwa hiyo mkulima wa kata ya Kisondela wilayani humo amekwisha kuuchangia mfuko kabla ya kuandika barua ya maombi. Anayo haki ya kuuliza.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Charles Kichere, ya mwaka wa fedha 2021/22 ilionyesha kuwa takriban Sh88 bilioni za mikopo hiyo zilikuwa hazijarejeshwa nchini, na kwamba kuna vikundi hewa, vilivyopewa fedha ilhali havipo. Mambo haya mawili yamechanganywa mno. Kikundi kilichokopa kikanunua ng'ombe, ng'ombe wakafa, ni mdaiwa. Kinaweza kuongezewa muda. Kikundi hewa hakijisajili wala hakijiidhinishii. Maombi hupita kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, yakaenda kwenye kamati za halmashauri, na fedha hazitoki bila sahihi. Kwa kikundi hewa, basi, anayepaswa kutafutwa kwanza ni aliyetia sahihi kwamba amekiona.

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo. Kusitishwa huko kulikuwa na sababu, lakini vikundi vilivyorejesha kwa uaminifu vikisubiri awamu ya pili viliadhibiwa pamoja na vikundi hewa. Iliporudishwa mwaka 2024, halmashauri 10 za majaribio, zikiwamo Siha na Nkasi, zilipangiwa kukopesha kupitia benki. Nyingine 174, Rungwe ikiwamo, zikabaki na kamati zilizoboreshwa. Wapo wanaoona benki ndiyo dawa. Benki inajua kudai, sikatai. Lakini ofisa wa benki aliyeko Tukuyu, makao makuu ya wilaya, atamjuaje mwanakikundi wa kijijini Kisondela kuliko jirani zake? VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya wanakijiji wenyewe, vinaendelea kwa sababu kila mwanachama anajua nani kachukua nini.

Halmashauri ikiulizwa kuhusu mikopo hii, jibu huwa kwamba taarifa zake hupelekwa kwenye baraza la madiwani. Hupelekwa, ila diwani akipewa jumla tu hawezi kubaini kikundi hewa. Mkutano mkuu wa kijiji ukisomewa orodha ya vikundi unaweza, tena papo hapo, maana waliohudhuria ndio hao hao wanaodaiwa kuwa wanachama. Wengine watasema kusoma orodha hadharani ni kuwaaibisha maskini. Pingamizi hilo lina uzito, hasa kwa watu wenye ulemavu, na hakuna haja ya kutaja shida ya mtu yeyote. Isomwe orodha ya vikundi, kiasi kilichotolewa, kilichorejeshwa, na jina la ofisa aliyethibitisha kuwa kikundi kipo.